Upande wa Ndani wa Tuta

Usiku ule mvua ilikatika mara tu baada ya chakula, vyura wakashika zamu, nami nikalala nyumbani kwa Mjomba Salumu nikiwa bado na matope ya kutwa nzima kwenye kucha. Niseme mapema kwamba mimi si mwotaji. Kazi yangu ni kukagua matuta ya kuzuia mafuriko, na mtu wa kazi hii akianza kusikiliza ndoto atajenga tuta mahali ambapo maji hayaji.

Kijiji kiko pale mto unapokaribia bahari. Mvua za bara zikiteremka siku za bamvua, mto unakuta bahari imejaa, hauna pa kumwaga, basi unamwagika kwa watu. Tuta la zamani walilipandisha wanakijiji wenyewe kwa majembe, na mchana ule nililitembea lote. Kaa wamelitoboa. Sehemu moja viboko wamelifanya njia yao ya kwenda malishoni, limelika mpaka limebaki kimo cha goti. Lilifaa kuinuliwa upya, lakini udongo mzuri uliopatikana ulitosha kwa mstari mmoja tu, na mistari iliyowezekana ilikuwa miwili.

Mmoja ulizunguka makaburi ya kijiji. Hapo ndipo alipolala Bibi Tausi, bibi yangu mzaa mama, mama yake Mjomba Salumu. Mto unakula ukingo pale, kwa hiyo tuta lingetakiwa kuwa nene na refu, na udongo wote ungeishia hapo. Mstari mwingine ulipita nyuma ya makaburi, ukayaacha nje, ukateremka hadi Chini, kitongoji cha watu waliokuja kulima mpunga miaka ya karibuni, wakajenga bondeni kwa sababu ndipo walipopewa. Makaburi yakiwekwa ndani, Chini inabaki nje, na maji yaliyozuiwa huku yanakwenda kuwaongezea wao. Mama Shukuru wa Chini ndiye aliyenipa uji mchana ule. Aliniuliza kwa upole kama tuta litafika kwake. Nilimjibu kwamba bado tunapima.

Wazee walikwisha kuamua. Mjomba aliniambia jioni, huku akichambua miiba ya samaki, kwamba hawawezi kuwaacha wazazi wao waliwe na mto, na kwamba hadhani nitabisha, maana bibi aliyelala pale ni wangu. Vigingi vyekundu nilikuwa nimekwisha kuvichomeka kuzunguka makaburi, kimoja karibu kabisa na kichwa cha Bibi. Asubuhi yake kungekuwa na mkutano wa kijiji. Nilipanga kueleza mistari yote miwili kisha ninyamaze, wachague wenyewe. Mtaalamu hapigi kura, ndivyo tulivyofundishwa, na safari hii fundisho hilo lilinifaa sana kwa sababu nilitaka Bibi awe ndani.

Basi nikalala, nikajikuta juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu tulichokuwa tukihamia shambani msimu wa mafuriko nilipokuwa mdogo. Ni mchana. Maji yametanda pande zote, yana rangi ya chai ya maziwa, yametulia. Bibi ameketi anapepeta mchele. Makapi yanaruka, yanatua juu ya maji, hayasogei. Sishangai kumwona. Najua amekufa, naye anajua kwamba najua, na hakuna kati yetu anayeona haja ya kulitaja.

Nilimwambia tuta limekwisha kujengwa. Akaweka ungo chini, akasema twende akalione. Hatukushuka ngazi. Tulikuwa tumekwisha kufika.

Tuta limesimama, limeniinukia zaidi ya nilivyolichora, nyasi zimeshika vizuri, hakuna tundu hata moja la kaa. Sifichi, nililifurahia. Tunatembea chini yake, upande wa ndani, Bibi mbele na mimi nyuma na fimbo yangu ya kupimia. Anakwenda haraka, yeye ambaye miaka yake ya mwisho mguu ulimkataa, akawa anajikokota kwa mkongojo hadi uani tu. Tunapita makaburini. Pamekauka. Mawe ya vichwani na miguuni yako wima, majani yamefagiliwa, na wazee wa zamani wamekaa kila mmoja juu ya kaburi lake, kama watu waliowahi hospitali wakawa wanangoja kuitwa. Mzee mmoja ananipungia mkono. Simjui.

Sijui nimeonaje ng'ambo ya tuta, lakini naona. Kule ni maji matupu, na katikati ya maji kuna paa la makuti. Mama Shukuru amekaa juu ya paa na watoto wake, amekumbatia sufuria ya uji. Moshi unatoka ndani ya maji, pale jiko lake lilipokuwa.

Nikimgeukia Bibi, ana kigae mkononi, na ndani ya kigae mna makaa ya moto. Kigae kile nakijua. Wakati wa mafuriko ya utoto wangu, moto wa watu ulipozimika, Bibi alikuwa akitia makaa kwenye kigae na kuyapeleka kwa mtumbwi, dungu hadi dungu, hata kwa mwanamke ambaye walikuwa hawasalimiani. Alisema ugomvi utangoja maji yapungue. Sasa anakaza kanga kiunoni, anajaribu kupanda tuta na kigae chake. Udongo haumpi pa kukanyaga, nimeushindilia mno. Anapanda, anateleza, anapanda tena. Nataka kumshika mkono, ila mkono wangu hauiachii ile fimbo.

Nikasema, nikiona namfariji:

"Bibi, huku ndani mko salama."

Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nilipotia mchuzi chumvi mara mbili.

"Mke mwenzangu," akasema. Ndivyo alivyokuwa akiniita kwa utani tangu nikiwa mtoto, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike. "Maiti haulizwi sanda, hilo nalijua. Lakini nani aliyekwambia mimi naogopa maji?"

Wale wazee wote wamenigeukia. Makaa kwenye kigae yanaanza kufanya majivu, na Bibi anayapuliza, macho yake kwangu.

"Nitoe nje," akasema. "Hapa nimekaa mahali pa mtu."

Nikaamka. Alfajiri ilikuwa inaingia, na uani kata ya kutekea maji iligonga ndoo, Mjomba alikuwa anatia udhu. Nilikaa kitandani nikajipa maelezo: nilichoka, nilikula samaki wengi, nilimwota bibi yangu kwa sababu mchana nilipima kaburi lake. Maelezo yote yalikuwa na akili, na hayakunisaidia. Niliogopa. Mzimu sikuuogopa hata kidogo, niliogopa kwenda mkutanoni nikanyamaze.

Nikajifunga kanga nikatoka, nikamwamkia Mjomba, nikamweleza yote kama nilivyoyaona. Nilitegemea aniambie kwamba ndoto ni ndoto tu, na pengine ningeshukuru. Aliniuliza jambo moja.

"Na mguu wake?"

"Anatembea vizuri, Mjomba. Ananiacha nyuma."

Akainamisha kichwa. Alimimina maji kwenye mguu mmoja, akausugua taratibu kupita kawaida ya udhu, kisha mguu wa pili. Akasema alhamdulillahi kwa sauti ndogo, akaenda msikitini.

Jua lilipochomoza alirudi na kuniambia tutoke. Tulipofika makaburini alipita moja kwa moja hadi kichwani kwa mama yake, akakishika kile kigingi chekundu, akakitikisa huku na huku, akaking'oa. Tundu lililobaki akalifukia kwa kiganja. Nilipokwenda kukishika kigingi kilichofuata, alinizuia.

"Hivyo vina wenyewe, tutawauliza mkutanoni. Huyu ni mama yangu. Nimemtoa."

Macho yake yalikuwa mekundu, yangu pia. Akanipa kigingi nikibebe, akasema mkutano haujaanza, tuna nafasi ya kupita kwa Mama Shukuru kwanza. Kisha akasimama pale njia inapogawanyika, akaniuliza tushike ipi. Miaka yote tangu watu wale wahamie bondeni, alikuwa hajawahi kufika Chini.