Kipande cha Mlango

Tulikuwa sita sebuleni kwetu Mabatini. Mimi na mzee wangu. Binti yetu wa pili, aliyekuja kututembelea kutoka Misungwi. Mume wake, mkwe wetu, mkulima wa mpunga. Na mabinti zao wawili: mkubwa wa darasa la sita, anayekaa na sisi kwa ajili ya shule, na mdogo wake wa miaka mitatu. Majina yao yote ninayo, hata yale ya utotoni, ila nikiwataja watasema bibi katutangaza. Nitaje undugu, yatosha.

Jumamosi hiyo tulipomaliza kula, mke mwenzangu akaleta boksi. Ndivyo ninavyomwita yule mjukuu mkubwa, maana mzee humwita mke wake mdogo. Boksi aliazimwa na mwalimu wake. Ndani mna picha iliyokatwa vipande mia mbili, ya kupangwa upya. Akatueleza sheria yake: hakuna anayemshinda mwenzake, tukikamilisha tumeshinda wote. Na Jumatatu arudishe vipande vyote. Mwanafunzi mmoja alipoteza kimoja, tangu hapo haazimwi kitu. Yeye alishaahidiwa boksi linalofuata, la ramani ya Tanzania, na alikuwa analiota.

Mimi shule yangu iliishia darasa la tatu, lakini kuchambua mchele najua. Nikaomba ungo. Nikanyoosha miguu mkekani, ungo mapajani, nikaanza kutenga: vya bluu huku, vya kahawia huku, vyeupe kule. Vyeupe vilikuwa vingi, maana picha ilikuwa ya nyumba kwenye nchi ya theluji. Mzee akasema huko mashine ya kusaga imepasuka.

Shida ilikuwa mkwe. Kwetu Wasukuma, mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawapeani kitu mkono kwa mkono, wala hawatazamani usoni. Basi yeye alikaa kiti cha mlangoni, ubavu ubavu. Akipata cha kunipa anakiweka kwenye sahani, mtoto ananiletea. Nami nikiwa na cha kwake, sahani inarudi. Ilizunguka ile sahani kama ya sadaka.

Picha ikakamilika, ila pale penye mlango wa nyumba pakabaki tundu. Kipande hakipo.

Tulitafuta. Mkeka ukafunuliwa pande zote, mimi nikiwa nimekaa katikati, maana kwa magoti yangu kuinuka ni safari. Mdogo akafunguliwa mdomo. Mzee akaamriwa akung'ute mfuko wa ugoro, akalalamika kwamba anafanyiwa upekuzi nyumbani kwake. Binti yangu akaenda kupekua takataka za jikoni. Mke mwenzangu akahesabu tena vyote, akafika mia moja tisini na tisa, machozi yakaanza kumtoka kimya kimya.

Hapo mkwe akakohoa. Alikuwa anatazama dari.

"Mzee," akasema, "naomba tusali."

Tukashangaa. Mtu huyu hata chakula hukiombea kwa maneno matatu.

"Tena tusimame wote," akaongeza.

Nikamuuliza mume wangu kama Mungu siku hizi hawasikii waliokaa. Mkwe akaliambia dari kwamba anawasikia, ila leo tusimame. Binti yangu akaitwa kutoka jikoni, akanishika mkono huu, mzee ule, wakaniinua. Hata sala haijaanza, kitu kikadondoka mkekani kutoka kwenye mkunjo wa kitenge changu. Mke mwenzangu akakirukia kama kuku kwenye punje.

Mzee akamgeukia mkwe. "Baba, ulikuwa umekiona?"

"Tangu kilipoteleza kwenye ungo, mzee."

"Sasa mbona unatuacha tunapekuana?"

"Ningeanzia wapi? Niseme nilikuwa naangalia kitenge cha mama?"

Nilicheka mpaka nikajifunika uso. Mkwe naye akakimbilia uani, eti anaangalia kama kuna mvua. Mke mwenzangu akamfuata baba yake na sahani, kipande kikiwa juu yake, akamwambia aliyekiona ndiye akiweke. Nikasogea mwisho wa mkeka, nikageukia ukutani. Nikamsikia anapiga magoti, akakibonyeza pale. Nyumba ikapata mlango.

Jumatatu mke mwenzangu alirudisha vipande mia mbili, jioni akaja na Tanzania nzima kwenye boksi. Siku hizi kabla hatujahesabu, bibi husimamishwa kwanza, akung'ute kitenge.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Inawezekana mtoto mdogo alikuwa ameshatimiza minne, na labda mzee alikung'uta mifuko miwili. Nilipokosea mnisahihishe, msinionee haya. Mkwe wangu naye kama ana la kunisahihisha, alete. Apitishie kwa mke wake.