Wasifu Niliochapa kwa Programu ya Bure

Kosa ni langu. Si la Mogaka, si la Ombati, wala si la kompyuta. Nimekaa na jambo hili tumboni mpaka limenichosha. Leo wacha niliteme, unichukie ukitaka.

Miaka ya tisini ikielekea kuisha nilikuwa na chumba cha kupiga chapa mjini Kisii, ghorofani, juu ya duka la kompyuta la Mhindi tuliyemwita Bwana Jayanti. Kompyuta yangu ilikuwa mkweche na printa sikuwa nayo. Kazi ikiisha niliitia kwenye disketi, nikashuka kuchapisha kwake.

Programu yangu ya kuandikia ilipoharibika, Bwana Jayanti alinishauri ninunue kama yake ili mashine zetu zielewane. Nikamwona anataka kuniuzia tu! Binamu yangu alikuwa ameniletea CD kutoka Nairobi yenye programu ya bure, ya kufanya kazi zote za ofisi bila kuhitaji intaneti ya laini ya simu. Nikaiweka, na ilikuwa nzuri, sitaki kuisingizia. Bwana Jayanti akaniomba basi angalau nisome kila karatasi ikitoka kwake, maana hati huweza kuvurugika ikifunguliwa kwa programu nyingine. Nikamjibu kwamba kusoma nilisomea shuleni. Kiburi gani hicho, jamani!

Ndipo akaja Mogaka, mwalimu kutoka upande wa Nyamache. Baba yake alikuwa amefariki akaacha wake wawili, naye akaniletea wasifu wa marehemu alioandika kwa mkono, niuchape. Mogaka ndiye kifungua mimba wa nyumba kubwa, ya mke wa kwanza, na Ombati alikuwa mtoto wa nyumba ndogo, ya mke wa pili. Walikuwa wameanza kuangaliana vibaya juu ya shamba la majani chai. Na kwetu wasifu wa marehemu husomwa mazishini watu wote wakisikia. Ukiachwa nje, ni kama umeambiwa hadharani huna baba na shamba usiliguse.

Nikaupanga kwa maringo: nyumba kubwa kushoto, nyumba ndogo kulia. Kwenye kompyuta yangu ulipendeza. Kwa Bwana Jayanti upande wa kushoto ulitanuka ukajaza karatasi, wa kulia ukasukumwa nje, haukuchapwa hata herufi. Nami sikuangalia! Gari la Mogaka lilikuwa linanguruma barabarani, nikakunja karatasi, nikapanda nazo kwenda mazishini.

Karatasi zilipogawanywa, nilimwona Ombati akisoma, akigeuza nyuma, akirudi mbele. Akasimama karibu na jeneza, akamuuliza kaka yake, "Mama yangu ako wapi hapa?"

Mogaka akaitazama ile karatasi akababaika. Alisema hajui, yeye aliandika watu wote. Nani angemwamini? Kuna mtu wa nyumba kubwa akacheka, na kicheko hicho kikamaliza kila kitu.

Ombati alinyakua sepetu iliyochomekwa kwenye udongo wa kaburi akampiga nayo Mogaka kichwani. Nilisikia mfupa ukivunjika! Akampiga tena akiwa chini. Vijana wa nyumba kubwa wakaja na panga za kukatia migomba, mchungaji akapigwa jiwe la mdomo, jeneza likapinduka. Watoto walikuwa wanakanyagwa. Damu ya Mogaka ililowesha karatasi zangu pale kwenye nyasi.

Na mimi nilijua! Ombati alipouliza tu, nilijua. Ningeinua mkono niseme ni mashine yangu, lakini niliogopa kuchekwa mbele ya wateja wangu. Nikafunga mdomo, nikatorokea kwenye majani chai.

Mogaka hakufika hospitali. Ombati alifungwa maisha. Nyumba ya mama yake ilichomwa siku hiyo hiyo, akakimbilia kwa ndugu zake Nyansiongo. Nami nilifunga ile ofisi.

Nilichukua muda mrefu kupata ujasiri wa kumfuata Mama Ombati huko. Nilimkuta akipukuchua mahindi, nikamwambia yote nikiwa nimepiga magoti. Nilitaka anitukane. Hakunitukana.

"Kwa hivyo Mogaka alikuwa ameniandika?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, kwa mkono wake mwenyewe. Aliandika, "Mama yetu mdogo, aliyemuuguza baba mpaka mwisho."

Mama wa watu akaacha mahindi, akalia kwa sauti. Na aliyekuwa akimwita hakuwa Ombati. Alikuwa akimwita Mogaka, akisema mwanangu, mwanangu.

Wewe unayesoma haya, tumia programu ya bure ukitaka, sikukatazi. Ila soma karatasi kabla haijatoka mikononi mwako. Na ukishakosea, piga kelele papo hapo, wakucheke, wakutukane, wakufukuze hata. Kama ningesema siku ile, aibu yake ningekuwa nimeisahau kitambo.