Sauti Zilizobaki Upande wa Fundi

Mtaani walimwita Bi Tanzia, na hakuna aliyemwita hivyo kwa ubaya. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyesoma matangazo ya vifo katika kituo kidogo cha redio, yale ya mchana, watu wakiwa mezani. Akianza tu, vijiko vilisimama. Alikuwa na sauti ya taratibu, isiyolia wala kujikaza. Jina la marehemu alilitamka kama anayebeba kikombe kilichojaa pomoni. Kabla ya kwenda hewani aliwapigia wafiwa kuuliza jina linatamkwaje, maana, alisema, mtu akikosewa jina siku hiyo hana siku nyingine ya kusahihishwa.

Kazi hiyo ilimwachia alama. Akimpigia shoga yake simu kumjulia hali tu, upande wa pili ulikuwa kimya kwanza, kisha sauti ikauliza polepole, "Nani tena?"

"Hajafa mtu, mwenzangu. Nimekukumbuka tu."

Mumewe alikuwa fundi mitambo wa kituo hichohicho. Walijuana kwa kutazamana kupitia kioo cha studio, huyu akisoma, yule akimwonyesha kidole gumba kwamba sauti inatoka vizuri. Watu walimwita Fundi, na mkewe akamwita Fundi vilevile. Yeye alimwita mkewe Bibie. Walijaliwa binti mmoja, ambaye aliolewa mbali.

Walipostaafu, Fundi aligeuza stoo ya nyumba kuwa studio. Alibandika trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, akaweka meza, na juu ya meza kompyuta moja ya wote wawili. Diski ya kompyuta hiyo aliigawa sehemu mbili, kama anayegawa nyumba kwa wapangaji. Sehemu moja aliiwekea mfumo wa kuiendesha ambao mkewe aliuzoea kazini. Sehemu ya pili aliiwekea mfumo wa aina nyingine kabisa, alioupenda yeye kwa kazi za sauti. Ukiiwasha, kabla ya yote kioo kilikuuliza unaingia upande gani.

"Chako chako, changu changu," Fundi alimwambia. "Tusije tukaachana uzeeni kwa sababu ya mafaili."

Bi Tanzia hakuwahi kuingia upande wa mumewe. Hakukatazwa. Hakuwa na haja nao tu, kama vile Fundi asivyokuwa na haja na kabati la kanga zake.

Asubuhi moja, akiwa uani anaanua nguo, alisikia kiti kikianguka ndani. Alimkuta Fundi sakafuni, vipokea sauti bado viko masikioni, mdomo umekwenda upande. Alipiga ukunga. Jirani aliyeingia mbio alidhani mzee kapigwa na shoti, akachomoa nyaya zote ukutani, kompyuta ikazimika papo hapo. Haikuwa shoti. Kilikuwa kiharusi.

Fundi alirudi kutoka hospitali akiwa hai, lakini mkono na mguu wa kulia havikumtii tena, na maneno yalikuwa yamemtoka. Alisikia kila kitu na kuelewa kila kitu. Alipofungua kinywa, kilichotoka kilikuwa pumzi. Ukimpa kalamu mkono wa kushoto, alichora mistari, akaitazama, akaiachia kalamu ianguke. Wakakubaliana na mkewe juu ya namna moja: kugonga mkono wa kiti mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Bi Tanzia, aliyekula mkate wake kwa kusema, akaanza kuishi kwa kuuliza.

Mtaalamu wa tiba ya usemi pale hospitali, dada mmoja mpole aliyependa kuchuchumaa ili macho yake yalingane na ya mgonjwa, alimwambia, "Mama, mna sauti yake mliyoirekodi zamani? Si hotuba. Maneno mafupi mafupi. Wengine hushikwa mkono na sauti yao wenyewe. Siahidi kitu, lakini tujaribu."

Bi Tanzia alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha. Mwanamume aliyerekodi sauti za watu maisha yake yote, yake mwenyewe iko wapi? Kwenye simu hapakuwa na kitu. Kama ipo, iko upande wake wa kompyuta.

Akamwita shemeji yake, mdogo wake Fundi, mhasibu aliyezoea kukaa mbele ya kompyuta kutwa. Alikuja Jumamosi, akavua viatu mlangoni, akamsalimu kaka yake kwa kumshika bega, kisha wakaingia studio. Fundi walimwacha sebuleni katika kiti chake cha magurudumu, mlango wazi.

Waliiwasha. Kioo kikauliza upande upi. Shemeji akachagua upande wa Fundi. Badala ya picha na vitufe, kioo kilikuwa cheusi ti, maandishi meupe ya Kiingereza yakashuka mistari kadhaa na kukwama. Alizima, akawasha, ikawa vilevile.

"Huku pamekufa, shemeji," alisema, kisha akajutia neno lake. "Yaani pamekwama. Ngoja tupitie kwako, tuone kama tunaweza kuchungulia."

Wakaingia upande wa Bibie, na huko kila kitu kilifunguka kama kawaida. Shemeji akapekua orodha ya diski, akaiona sehemu moja kubwa isiyo na jina. Akaibofya. Kisanduku kikatokea katikati ya kioo.

Shemeji akasoma kwa sauti. "Inasema hii haisomeki mpaka ifomatiwe kwanza. Inauliza, tuifomati?" Akakuna kidevu. "Nadhani ndivyo inavyotaka ili ifunguke."

Alipokuwa akisogeza kishale kwenye neno la kukubali, walisikia kishindo sebuleni. Kisha kingine, na kingine, bila hesabu. Bi Tanzia alitoka mbio, akili yake ikiwa imekwishafika mbali. Alimkuta Fundi ameinama, mkono wa kushoto unapiga kiti, bakuli la uji limemwagika chini, macho yamemtoka.

"Unaumwa?"

Mara mbili.

"Unataka kujisaidia?"

Mara mbili, kwa hasira.

Bi Tanzia alishika ule mkono, akautuliza. Alijilazimisha kuuliza polepole, kama alivyokuwa akiwauliza wafiwa. "Ni ile kompyuta?"

Mara moja.

"Tuendelee alivyosema shemeji?"

Mara mbili. Akarudia tena, mara mbili.

"Shemeji!" aliita. "Usiguse kitu. Toa mkono."

Mhasibu alikuwa amekwishautoa. Alisimama mlangoni, mikono kifuani. Alipotafuta maelezo kwenye simu yake na kuyasoma vizuri, alielewa: upande wa Bibie haukujua kabisa kusoma lugha ya upande wa pili, kwa hiyo uliona ni sehemu tupu. Kufomati kungekuwa kufuta. Alikuja kupiga goti mbele ya kiti cha magurudumu.

"Kaka, nisamehe. Ningekumaliza."

Fundi akamgonga kichwani kwa vifundo vya vidole, mara moja, si kwa nguvu. Shemeji akacheka, machozi yakimlengalenga.

Bi Tanzia ndiye aliyesema kwamba kosa lao lilikuwa kumwacha mwenye mali sebuleni. Wakakisukuma kiti mpaka studio. Kilipita mlangoni kwa shida, kikakwangua rangi. Tangu siku ile ya kuanguka Fundi hakuwa ameingia chumba hicho. Alizungusha macho kwenye trei za mayai, kwenye maikrofoni zake zilizoshika vumbi, mpaka kwenye kioo. Macho yake yalikuwa yamechoka sana na hayakuweza kufuata mistari. Herufi, yule dada wa hospitali alikuwa amesema, zilimchanganya sasa.

"Basi nitakusomea," alisema mkewe.

Wakachagua tena upande wa Fundi. Kioo kikawa cheusi. Bi Tanzia alivaa miwani, akavuta kiti, akakaa wima kama alivyokaa miaka yote mbele ya maikrofoni. Akasoma mstari wa kwanza kwa Kiingereza, akaufasiri, akasubiri. Hakuruka neno. Hakuongeza lake. Mashine ilisema kwamba ilizimwa bila kufungwa sawasawa, na kwamba mpangilio wa sehemu ile umevurugika. Ilisema ikaguliwe kwa mkono, ikataja herufi za amri ya ukaguzi na jina la sehemu yenyewe.

"Waya," alisema shemeji kwa sauti ya chini. "Siku ile waya ulichomolewa."

Fundi aligonga mara moja.

"Niandike hiyo amri?" aliuliza mkewe.

Mara moja.

Aliandika herufi mojamoja, akizitaja kwa sauti, na baada ya kila herufi alimtazama. Katika jina la sehemu alikosea tarakimu, Fundi akagonga mara mbili kabla hajafika mwisho. Akafuta, akasahihisha. Akabonyeza.

Maandishi yakashuka. Kisha mashine ikauliza: kuna kasoro hapa, nirekebishe?

Hapo Bi Tanzia akasita. Lilikuwa swali la ndiyo au hapana, kama lile la kwanza, ambalo ndiyo yake ingefuta kila kitu. Vidole vyake vilikaa juu ya kibodi bila kushuka. Maisha yake yote alisoma habari ambazo hazibadiliki tena. Habari inayongoja uamuzi wake hakuwahi kuisoma.

"Inauliza irekebishe," alisema. "Fundi, una hakika?"

Alisikia mkono ukigonga mara moja. Kisha mkono uleule ukaja ukakaa mgongoni mwake.

Akabonyeza ndiyo. Ikauliza tena kuhusu kasoro nyingine, na nyingine. Kila mara alisoma swali lote mpaka mwisho, kila mara alingoja. Shemeji alikaa kwenye kreti pembeni, kama mtu aliyechelewa ibada. Mwishowe maswali yakaisha, mashine ikasema ukaguzi umekamilika. Wakaiwasha upya.

Kioo kilipopata rangi, Fundi alitoa sauti. Haikuwa neno.

Ndani mlikuwa na folda nyingi, na moja iliitwa Sauti. Bi Tanzia alitarajia vipindi vya zamani vya redio. Alipofungua faili la kwanza, alisikia sauti ya mumewe, nzito, ya mtu asiye na haraka: "Mvua juu ya bati. Nyuma ya nyumba. Asubuhi." Kisha mvua ikanyesha ndani ya kile chumba.

Fundi alikuwa akikusanya milio. Alikwenda huku na huko na kinasa sauti chake, na kila alipokiwasha alitaja kwanza anachorekodi, kama mafundi wa redio wanavyofanya ili wasipotee baadaye. "Mlango wa ghala, ukifunguliwa." "Mashine ya kusaga, kwa mbali." "Viatu kwenye kokoto." Faili baada ya faili, maneno mafupi mafupi, kama yaliyoagizwa na hospitali.

Faili moja lilisema: "Bibie anafagia uani. Hajui." Kisha ulisikika ufagio, na mwanamke akiimba puani wimbo asioumaliza.

Bi Tanzia aliukamata ukingo wa meza. Alimgeukia mumewe akakuta amegeuza uso ukutani, mabega yanatikisika.

"Nizime?"

Bi Tanzia hakungoja agonge. Akazima mwenyewe. Shemeji alitoka akaenda kufuta uji uliomwagika sebuleni.

Kwa siku kadhaa Fundi hakutaka kusikia kitu. Mkewe hakumlazimisha. Kusikia sauti yako mwenyewe ikitoka mahali usipoweza kuifikia si jambo dogo, na yeye aliwahi kuona watu wakizima redio kwa sababu nyepesi kuliko hiyo. Shemeji alirudi na diski ya pembeni, akanakili folda nzima, kisha akabandika karatasi juu ya soketi: USICHOMOE.

Fundi mwenyewe ndiye aliyeanza tena. Asubuhi moja alikisukuma kiti chake kwa mguu mzima mpaka mlango wa studio, akagonga fremu. Kuanzia hapo wakawa wanakaa humo kila siku baada ya chai. Mashine ilisema, "Mvua," mkewe akasema, "Mvua," na yeye akahangaika, midomo ikitafuta njia, jasho likimtoka kama anayenyanyua gunia. Kuna siku alipiga meza akakataa. Kuna siku Bi Tanzia alikwenda kulia jikoni, akarudi na sura kavu. Baada ya muda ikatoka "vua". Baadaye sana likaja neno moja kamili, safi, kwa sauti ileile ya kwenye faili: "Mlango."

Yule dada wa hospitali alifurahi, lakini alikuwa mkweli. Alisema maneno mengine yangeweza kuja, na mengi yasingekuja.

Hayakuja mengi. Fundi alipata mlango, bati, mvua kwa taabu, na hapana iliyonyooka. Mlango ndilo alilolipenda, akalitumia kwa kila kitu. Maji yalikuwa mlango. Dirisha lifungwe, mlango. Bi Tanzia alijifunza kuitenganisha milango hiyo kwa kiimbo, maana sikio lake lilikuwa limefunzwa kazi hiyo, na alipokosea, Fundi aligonga mara mbili, naye akaanza upya bila kukasirika.

Shemeji aliendelea kuja Jumamosi. Siku moja aliingia akiwa amelowa, akavua viatu, na kaka yake akainua mkono wa kushoto kutoka kwenye kiti.

"Mlango," alisema Fundi.

Mhasibu alitazama nyuma yake. "Nimeufunga, kaka." Kisha akamgeukia shemeji yake kwa wasiwasi. "Anasemaje?"

"Anakwambia karibu," alisema Bi Tanzia, akaenda kumletea taulo.