Harusi Iliyogoma Kushuka

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na nina ugonjwa mmoja: sipendi kuelekezwa. Siku niliyoshuka Masasi kununua rauta ya intaneti, fundi wa dukani alipotaka kunieleza namna ya kuifunga nilimkatisha. "Karatasi ya maelekezo imo? Basi, inatosha." Akacheka, akaniandikia namba yake nyuma ya risiti. Niliiona ile dharau, nikaitia risiti mfukoni.

Rauta yenyewe niliitaka kwa ajili ya mama. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa ameolewa nchi ya mbali, na mama hakuweza kusafiri kwa sababu ya macho. La kushoto lilikuwa limeshazima. La kulia lilikuwa lipasuliwe Ijumaa, na daktari hakumficha: linaweza kupona, linaweza pia kwenda na maji. Mama akaniambia, "Kama ni kupofuka, nipofuke nimeshamwona mwanangu kwenye shela." Video ya harusi ilikuwepo mtandaoni, lakini kwenye simu mama alikuwa anaona vivuli tu. Ilibidi ishuke kwenye kompyuta yangu ya mezani, yenye kioo kikubwa.

Nilipokuwa mdogo, hapa Newala ukitaka kupiga simu unakwenda posta, unapanga foleni, unaishia kusema haloo, haloo. Soko huria likaja, kampuni za simu zikaanza kutugombania kama wanunuzi wa korosho, na minara ikaota. Kwa hiyo Jumanne asubuhi niliifunga rauta nikiwa na imani kubwa. Niliiweka dirisha la kusini, upande wa mpaka, simu yangu ikanasa mtandao wa ng'ambo na kupokea ujumbe wa kunikaribisha Msumbiji. Nikaihamishia juu ya kabati. Mama akaifunika kitambaa cha kufuma, eti haiwezi kukaa uchi mbele ya wageni. Nikakitoa, akakirudisha. Mwisho nikaibandika dirisha la mashariki, upande wa mnara, nikaizuia kompyuta isijisasishe yenyewe, nikafunga kila programu, nikabonyeza. Ikaandika: dakika hamsini. Jamani! Nilikwenda shuleni kifua mbele.

Niliporudi mchana iliandika: siku tatu.

Siku tatu, na Ijumaa ndiyo hiyo! Nikazima, nikawasha. Nikaigeuza antena kila upande. Jumatano nzima nikahangaika nayo, nikaipiga hadi kofi. Mama alikaa kwenye kiti chake, ananiuliza kila baada ya muda, "Imefika wapi?" na mimi namjibu, "Inakuja, mama," huku roho inaniuma. Alasiri nikameza kiburi, nikampigia yule fundi wa Masasi. Akaniongoza kufungua ukurasa wa rauta.

"Mwalimu, hapo nyumbani mko wangapi?"

"Wawili."

"Na vifaa vilivyounganishwa vingapi?"

Nikahesabu. Vilikuwa ishirini na vitatu.

Nikatoka nje mbio. Jirani yetu wa mkono wa kulia ni fundi cherehani, na mlangoni kwake nikakuta neno la siri la rauta yetu limeandikwa kwa chaki, herufi kubwa nzuri, kama ratiba ya treni. Ukutani kwake wameegemea watu, kila mmoja na simu. "Shikamoo Mwalimu," wakasema kwa furaha. "Maji yanatoka!"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba maji yenyewe ni intaneti yangu. Huku juu kwetu maji ni shida tangu enzi. Mama amekua akipanda mteremko kutoka bondeni na ndoo kichwani, na mwenye kisima cha kuvuna mvua hamfukuzi jirani mwenye ndoo. Tena maji yakitoka, unakinga kwa kila chombo ulichonacho, kwa sababu kesho hujui. Fundi cherehani alikuwa ameijaza simu yake nyimbo hadi ikakataa, akahamia kwenye ya mkewe. Neno la siri alipewa na mama mwenyewe.

Nikapandwa na hasira. Nikarudi ndani, nikabadilisha neno la siri bila kumwambia mtu. Dakika moja baadaye nasikia nje: "Yamekata! Yamekata!"

Mama akanigeukia. "Umewafungia?"

"Mama, wanaila harusi yako!"

"Wafungulie."

"Ijumaa ni keshokutwa, mama. Jicho lako je?"

"Jicho ni langu. Sitaki kuangalia harusi ya mwanangu kwa kunyima watu. Wafungulie, ama zima hicho kioo chako."

Nililia, sitaficha. Nikafungua.

Alhamisi niliomba tena ruhusa shuleni, nikapita nyumba kwa nyumba. Mimi, nisiyependa kuomba hata chumvi, nikawa nasimama mlangoni kwa mtu naeleza habari ya jicho la mama. Nilitegemea lawama. Fundi cherehani akaniangalia kwa mshangao. "Sasa Mwalimu, si ungesema tangu juzi?" Akafuta chaki kwa kiganja, akatoka barabarani, akapaza sauti. Kumwambia mtu azime simu ni jambo moja, kuamini kwamba amezima ni jingine, kwa hiyo wakaamua wenyewe: kila simu ikazimwa mbele ya watu na kuwekwa kwenye beseni moja, mezani kwetu. Beseni likajaa. Zile siku tatu zikawa saa mbili, zikawa dakika thelathini na tano. Kila nikitaja namba, sebule nzima inaitikia, "Eee!"

Saa tisa alasiri harusi ikashuka yote. Tukasogeza kiti cha mama mpaka pua yake ikakaribia kioo. Aliona shela. Akaona bwana harusi, akasema ana masikio makubwa. Kisha akaitwa mama wa bibi harusi asimame, na pale palipotakiwa kuwa na mama palikuwa na kiti kitupu. Mdogo wangu akakigeukia. Akatazama kamera, akapiga goti na shela lake lote, akasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," mama akajibu. "Umekonda."

Hakuna aliyecheka. Mama anajua vizuri kabisa video ni nini.

"Rudisha," akaniambia. "Anisalimie tena."

Nikarudisha. Akasalimiwa, akaitikia. Nikarudisha tena, na tena, na kila mara aliitikia, mpaka fundi cherehani akatoka nje na kofia yake usoni, na mimi nikawa siioni tena alama ya kubonyeza.