Nililia Kigali, Wakadhani Nawalilia Wao

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mitano, naishi mkoa wa Kagera, Tanzania, nina mume na watoto watatu wakubwa. Juzi mama mmoja wa Kigali alinipigia simu akaniuliza jambo kuhusu marehemu binti yake. Nilimwambia mtandao unasumbua, nikakata. Bado anasubiri jibu.

Mwanzoni mwa mwaka 1994 nilijifungua mtoto wangu wa kwanza, wa kike. Akafariki kabla ya arobaini yake. Kwetu mtoto mchanga kiasi hicho hawekewi matanga. Alizikwa asubuhi nyuma ya nyumba, watu wakaenda zao shambani. Mama mkwe alinishika mkono, akaniambia kwa upole, "Huyo alikuwa mgeni tu, mwanangu. Ukimlilia utalifunga tumbo." Basi sikulia. Maziwa yalikuwa yanatoka yenyewe, nikawa najifunga kanga kifuani yasionekane.

Mwishoni mwa mwaka ule kanisa letu lilitafuta akina mama wa kwenda Kigali kuwafariji watu waliobaki baada ya mauaji ya kimbari. Nikasema nimeguswa. Ukweli nilitaka tu kutoka kwenye ile nyumba.

Tulifika kwa lori, tumekalia magunia ya unga na katoni za sabuni. Nilitegemea kukuta vilio, maana kwetu msiba unausikia kabla hujaufikia. Kigali ilikuwa kimya. Watu walipokea sabuni, wakashukuru, wakainamisha macho. Jengo tulilotengewa halikuwa na mlango wala paa, tukagawanywa kwenye nyumba za watu. Mimi nikaangukia Biryogo, mtaa wa Waislamu, kwa mama mmoja mshonaji, mjane.

Utani haukuwa umekwisha kabisa. Jirani yake mmoja, mama mwenye mtoto mchanga mgongoni, alinichokoza siku ile ile: "Mulokole analala kwa Mwislamu! Pasta yako akiuliza ulikula nini, utasema nini?"

"Atasema alikunywa chai," mwenyeji wangu akajibu bila kuinua kichwa kwenye cherehani. "Kitu ingine iko wapi?"

Wateja walikuwa wanamwita Fundi. Mmoja alianza "Mama Sal..." akajikatiza, akasema "Fundi." Yeye akasimamisha cherehani. "Maliza jina yangu," akamwambia. "Mimi ni Mama Salma."

Alikuwa na watoto watatu: Salma, Yusufu na mdogo wao Rehema. Walikuwa wamekwenda kwa bibi yao likizo ya Pasaka mauaji yalipoanza. Hakurudi hata mmoja. Yeye alifichwa na majirani. Walininong'oneza kwamba tangu hapo hajatoa chozi.

Asubuhi moja yule jirani alikuja kupimwa gauni. Akanipa mtoto wake nimshike. Mama Salma akawa anapima, na huku anapima akaanza kuwataja watoto wake, taratibu, kama anaongea na utepe. Nguo za shule aliwashonea mwenyewe. Salma alitaka sketi ndefu kama ya mwalimu. Yusufu alidai mifuko mikubwa ya kuwekea gololi. Kisha akasema jambo la Rehema, na jirani akacheka kidogo.

Sikulisikia. Nilikuwa nimeweka pua kwenye utosi wa yule mtoto. Alikuwa na ile harufu. Nikasikia sauti inatoka, ndefu, kumbe ni yangu. Nililia kama wanavyolia kwetu, kwa kupiga kelele, na niliyekuwa namlilia ni wangu.

Mama Salma aliangusha utepe, akakaa sakafuni kando yangu, akalia. Wanawake wakajaa mlangoni. Mmoja akawa anawaambia wenzake, "Amelia! Mama Salma amelia!" Mama Salma aliponyamaza alinifuta uso kwa kipande cha kitambaa. "Ihangane, dada," akaniambia. Ndiyo pole wanayompa mfiwa kule. Tangu nimzike mwanangu nilikuwa sijapewa pole na mtu.

Halafu akasema, "Wageni walikuja wengi. Wewe ndiye umelilia watoto yangu."

Nilipaswa kusema pale pale. Lakini ningemwambiaje mtu aliyepoteza watatu kwamba nalilia kichanga kisichofika arobaini? Nikamwacha aamini hivyo. Nikarudi nyumbani mwepesi, nalala, nakula. Makanisani walinisimamisha nishuhudie jinsi nilivyowafariji watu wa Kigali, nami nikashuhudia. Nafsi inanisuta kwamba nilikwenda kwenye msiba wao nikapata nafuu yangu.

Miaka yote Mama Salma ananipigia, ananiita dada. Sasa ni mzee na kumbukumbu zinamwacha. Juzi aliniambia anataka niende nikae naye siku ya kuwakumbuka watoto wake, niwataje mimi. "Ya Salma nakumbuka, sketi," akasema. "Ya Yusufu, mifuko. Ya Rehema imepotea. Nilikuambia wewe siku ile, ulilia sana. Dada, nilisema nini?"

Yule jirani alishafariki. Hakuna mwingine aliyekuwepo. Nimewaza hata kutunga: kwamba alitaka ua kifuani, au vifungo vyekundu. Mtoto wa kike yeyote angetaka hivyo, na mama yake angefurahi. Lakini hatakuwa Rehema. Nikisema ukweli, namnyang'anya na yale machozi aliyoyashika miaka yote hii.

Atapiga tena, pengine leo. Mama zangu na dada zangu mnaosoma hapa, hasa mliowahi kuzika mtoto: nimjibu nini?