Kisu cha Kijeshi Chini ya Shati

Nilinunua kisu kwa sababu nililiogopa panga langu mwenyewe.

Kazi yangu ni kusafisha minazi kwenye nyumba za watu Nyali, hapa Mombasa: kukata makuti makavu, kuangua nazi kabla hazijamwangukia mtu, kufyeka ua. Miaka mingi nilitoka kwetu Kisauni na panga limeviringishwa kwenye gunia, na hakuna aliyejali. Kisha wakaja vijana wa mapanga. Walitembea kwa makundi, hata mchana, wakikata watu kwa ajili ya simu. Mtaani tukaanza kuogopana. Mwanamume aliyeonekana na panga barabarani alikuwa na hatari mbili: kukamatwa na polisi, au wananchi kumfikia kabla ya polisi.

Nikaona dawa ni kitu kifupi, kisichojikunja, kinachokaa ndani ya ala na kufichika kiunoni.

Muuza mitumba wa soko la Kongowea alikuwa na visu vingi vya namna ya jeshi, vyeusi, vyenye meno mgongoni.

"Hiki kimetoka vitani, bwana," akaniambia.

"Vita gani?"

"Wewe nunua. Vita utavijua mbele."

Kama utahitaji kisu cha namna hiyo, usitazame rangi wala meno. Meno yale yamewekwa ili kutisha; kwenye kuti yanararua tu. Tazama mpini. Chuma cha bapa kinapaswa kupita ndani ya mpini mpaka mwisho. Kigonge mezani taratibu. Kilichopita mpaka mwisho kinatulia mkononi. Kilichoungwa katikati kinatetemeka, na siku moja kitakukatikia ukiwa juu ya mnazi. Usikimbilie kinachong'aa. Chuma kinachoshika kutu kina usumbufu wake, lakini ndicho kinachokubali kinoo upesi. Nilichagua kimoja kizito, kisicho na meno, chenye ala ya turubai.

Jumapili baada ya kanisa nilikaa barazani nikakinoa. Kunoa hakuhitaji nguvu, na usikate tamaa mara ya kwanza. Lowesha kinoo. Laza bapa juu yake, kisha inua mgongo kiasi cha unene wa njiti ya kiberiti, na ubaki hapo hapo. Sukuma kama unayekwangua ukoko wa wali bila kutaka kuumiza sufuria. Baada ya muda, upande wa pili, kidole kitagusa kijiuzi chembamba cha chuma kilichojikunja. Hapo geuza, ufanye vilevile, mpaka kijiuzi kiishe. Usijaribu makali kwa kidole gumba. Shika jani bichi la mnazi, liguse tu kwa makali. Likikatika lenyewe, inatosha.

Mke wangu alisimama mlangoni muda mrefu.

"Baba watoto, unanoa kama mtu aliyeahidiana na mtu."

"Ni cha kazi."

"Panga la kazi kila mtu analijua. Hicho kidude anakijua nani?"

Nilikifunga kiunoni, nikashusha shati juu yake.

Kwa wiki nyingi nilikwenda nacho kazini hivyo, na hofu haikupungua hata kidogo. Kila nilipoona askari mkono ulikwenda kiunoni wenyewe, kuhakikisha shati limefunika. Kila kijana aliyekuja mbele yangu nilimtazama mikono kabla ya uso. Usiku niliweka kisu chini ya godoro na asubuhi nikawa wa kwanza kukiogopa.

Siku zile watu wa mtaa wetu walikuwa na desturi ya kusubiriana alfajiri kwenye kona, ili kwenda kazini kwa kundi. Asubuhi moja nilichelewa. Kundi lilikuwa limeondoka, lakini mbele yangu kwenye kichochoro nilimwona mama mmoja, jirani yetu wa nyumba ya tatu, anayefua kwenye nyumba za Nyali. Naye alikuwa amechelewa. Nikaona si vizuri aende peke yake. Nikakimbia nimfikie.

Mgeni asingefanya hivyo. Angetembea zake polepole. Mimi nilikimbia kwa ujirani, na kwa kuwa kisu kilikuwa kinarukaruka, nilikishika kwa mkono chini ya shati.

Aligeuka. Aliuona ule mkono.

"Wa mapanga! Nauawa! Nauawa jamani!"

"Ni mimi, jirani!" Na ili aone kwamba si kitu, nikakitoa kikiwa ndani ya ala yake, nikakiinua juu.

Milango ikafunguka kama iliyokuwa inangoja. Nilikitupa kisu, nikalala kifudifudi, mikono kichwani. Teke la kwanza lilinipata ubavuni. Nilisikia mawe yakiokotwa; sikujua kabla ya siku ile kwamba jiwe linapookotwa lina sauti yake. Mchanga uliniingia mdomoni. Mtu mmoja akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leteni tairi."

Kisha nikaona miguu ya mzee, ndala zimekwisha visigino, na gurudumu la mkokoteni wa madafu. Nikasema nilichofundishwa tangu utotoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu. Mdomo wake ulijibu kabla hajafikiri.

"Mwizi ana adabu!" mtu akacheka.

"Wakilala chini wote wana adabu," akasema mwingine.

Mzee aliokota kisu, akakichomoa. Watu wakarudi nyuma hatua moja.

"Nani amekinoa hiki?"

"Mimi."

"Mbona makali umeyaweka huku karibu na mpini, na mbele umeacha butu?"

"Kuti hukatwa karibu na mpini, mzee, ndiko mkono una nguvu. Nikinoa mbele, kitanichoma paja nikiwa juu."

"Na weusi huu wa kwenye makali?"

"Maji ya makumbi ya nazi. Nasugua kwa ndimu, hautoki."

"Hautoki, wallahi." Akachukua panga lake la madafu kutoka kwenye mkokoteni, akaliweka kando ya kisu changu. Vyote vilikuwa na weusi mmoja. "Huyu ni mkata minazi. Mwacheni."

"Mkata minazi anaficha kisu kwa nini?" kijana mmoja akauliza, jiwe bado mkononi.

"Naogopa," nikasema.

"Unaogopa nini?"

"Nawaogopa nyinyi."

Nikasikia jiwe likidondoka, halafu jingine.

Nilipoinuka, yule mama alikuwa ameketi chini kando ya ukuta, kiatu kimoja hana. Nilikuwa na hasira naye. Nilitaka aone damu kwenye mdomo wangu.

"Si kwamba sikukujua," akasema. "Nimekujua sana. Tangu mwezi uliopita nakuona unapita na mkono kiunoni. Nilimwambia mume wangu, yule jirani ana kitu. Leo nimetoka nimechelewa makusudi, ili nisikutane nawe kwenye kona."

Hasira ikaniishia. Muda wote nilikuwa nimehesabu ninaowaogopa. Wanaoniogopa mimi sikuwahesabu.

"Nisamehe, mama."

Mzee alikirudisha kisu kwenye ala, lakini hakunipa mimi. Alimpa yule mama. "Beba wewe mpaka barabarani. Naye aende akatafute riziki yake." Yule mama alikitia kwenye kikapu chake, mpini ukabaki nje, kila mtu anauona.

"Tangulia," akaniambia.

Nikatangulia. Kichochoro kilikuwa kirefu na watu bado walisimama milangoni. Nyuma yangu nilisikia hatua zake, kiatu kimoja na mguu mtupu, na kisu kikigonga ukingo wa kikapu. Nilijua alikuwa mfua nguo, mama wa watu, jirani yangu. Hata hivyo mabega yalinipanda mpaka masikioni, na mgongo wote ulikuwa unangoja.

"Usikimbie," akasema.

"Sikimbii."

"Unakimbia, baba. Punguza mwendo."