Posa ya mjukuu wangu ilivyofanywa kwenye hoteli ya kasino, nikakaa na njaa mbele ya chakula chote kile

Wakuu, salamu. Wengi humu ni wajukuu zangu kwa umri, kwa hiyo shikamoo zenu nimeshazipokea, msijisumbue.

Naandika kwa kidole kimoja na shule yangu iliishia la pili, makosa mtayavumilia. Ila ninachoeleza nimekiona mwenyewe. Jicho la kushoto lina ukungu, la kulia ni zima, na ndilo nililoangalia nalo.

Nina mjukuu, Zaituna. Baba yake, mwanangu Issa, hatunaye tena, kwa hiyo anayemtaka Zaituna lazima apite kwangu.

Akaja Faruki, fundi wa majenereta huko Palma, kusini ya Ruvuma. Mpole, anaswali. Zaituna akisikia tu sauti yake nje, anaanza kufagia uwanja aliokwisha kuufagia.

Kijana sikuwa na neno naye. Neno nilikuwa nalo kwa baba yake mkubwa, Selemane.

Selemane siku hizi ni senhor, bwana mkubwa. Ana duka la mabati na saruji, na tumbo linatangulia kuingia mlangoni. Akasema posa haiwezi kumalizwa kwenye mkeka wangu, tukale hoteli. Yeye chakula cha usiku anakiita "jantari".

Hoteli ipo pwani, jina naliacha. Ndani yake kuna kasino, nyumba ya kamari kwa msiojua. Selemane na kofia yake ya kufuma kichwani akatupitisha katikati ya mashine za kamari, anapungia watu mkono. Mtu anailisha mashine hela, inalia, inanyamaza, anailisha tena.

Sasa shikeni hapa.

Kwetu posa haifungwi kwa maneno. Muoaji mwenyewe anamnawisha mikono bibi wa binti, anamtengea chakula, na bibi akitia tonge la kwanza mdomoni, jambo limekubaliwa. Asipotia, mkeka unakunjwa na watu wanarudi kwao. Na mkono wa upande wa binti hauhesabiwi, lazima uwe wa muoaji.

Zaituna analijua hilo. Selemane analijua pia, mama yake alinawishwa hivyo hivyo.

Basi nikakaa mezani, sahani tupu mbele yangu, kubwa kama ungo. Nikangoja.

Watu wananipita na sahani mikononi. Wamejipanga kwenye bicha, ndiyo foleni kwa ninyi wa ng'ambo ya Ruvuma.

Mimi bicha ya sahani naijua, wakuu. Tulipokimbia vita Quiterajo nilisimama kwenye bicha kambini hadi nyayo zikapasuka. Mbele yangu Atija mke wa Chande. Nyuma yangu Anshia binti Sufo. Nyuma ya Anshia mzee Nankoma, Mmakonde wa Diaca, na fimbo yake ya mpingo. Na nyuma ya mzee Nankoma alisimama Selemane huyu huyu, na bakuli la bluu lenye ufa. Maharage yakikaribia kuisha, mzee Nankoma alikuwa anampisha mbele.

Siku niliyotoka kule nilijiapiza: sitasimama tena na sahani mkononi kumngoja mwenye upawa.

Kumbe matajiri wanalipa ili wasimame! Wamejipulizia manukato, wanamngoja mtu mwenye kofia ndefu nyeupe awakatie nyama, kila mmoja kipande chake. Kama kambini tu, ila kule hatukupiga picha.

Selemane akaenda wa kwanza. Akarudi na kamba, tambi, mayai, na keki imelala juu ya samaki. Akamaliza, akaenda tena. Faruki naye aliambiwa ajipakulie, akajipakulia, akala ameinamisha kichwa.

Mle ndani kulikuwa na viwili vinavyokula bila kushiba, mashine na Selemane.

Sahani ya tatu ndipo akaona yangu ni tupu. Akadhani ni meno. Nikamwambia meno yapo, nangoja kutengewa.

Akacheka. "Mama, hapa mambo ni ya kisasa. Kila mtu na miguu yake."

Zaituna akaninong'oneza, "Bibi, kula basi." Machozi yanamdondokea kwenye kachumbari.

Siwafichi, moyo uliniuma. Kijana nilimtaka. Lakini ningeinuka, mjukuu wangu angeingia nyumba ambayo hata akiugua ataambiwa kila mtu na miguu yake.

Nikaweka nia kimoyomoyo: Faruki akimaliza sahani yake, nakunja mkeka.

Kikabaki kiazi kimoja.

Kijana akakitazama kile kiazi. Akanitazama mimi. Akaweka uma chini, akainuka. Selemane akamwambia akae, hakukaa.

Akasimama kwenye bicha nyuma ya mzungu mwenye kaptula. Akarudi na wali na samaki. Beseni hakuna, akachukua ndoo ndogo ya vinywaji, akamwaga barafu kwenye bilauri ya Selemane, akafungua chupa ya maji. Akapiga magoti kwenye zulia la watu, akaninawisha.

Meza za jirani wakageuka kututazama. Mashine zinaendelea kulia.

"Karibu, bibi."

Nikatia tonge. Samaki hana chumvi wala nazi, wakuu, lakini nilimeza. Zaituna akakimbilia chooni akalie vizuri.

Selemane akafuta mdomo. Alikuwa ameshashika sahani, anataka kuinuka tena. "Kwa hiyo mama, tumekubaliana?"

"Kijana nimemkubali," nikamwambia. "Wewe rudi kwenye bicha, Selemane. Ila leo mzee Nankoma hayupo kukupisha."

Akairudisha sahani mezani. Hakuinuka tena mpaka tunaondoka.

Nilichojifunza: kwenye njaa watu tunafanana. Mtu mtazame siku chakula ni kingi.

Haya, nanyi semeni, huko kwenu bibi anatengewaje? Mwenye kusema nimepitwa na wakati aseme tu, nimeambiwa makubwa zaidi.

Na jambo moja. Kambi ilipofungwa, mzee Nankoma hatukumwona tena. Aliyemwona, hata kama ni Awasse au juu kule bara, aandike hapa. Namtaka harusini. Akae tu kwenye mkeka, atatengewa.